Ibn Khaldun: kadhi aliyezihoji tarakimu

Ufundi mpya umezuka katika kazi ya magazeti, na vyuo vikuu pamoja na vyuo vya ufundi vimeanza kuutafutia walimu. Ni ufundi wa kuchota habari kutoka katika hesabu: sensa, bajeti za kaunti, daftari za hospitali, rajisi za ardhi na idadi za kura. Wenyewe wauita uandishi wa habari za takwimu. Kijana afundishwa kuifungua kompyuta, kuzipanga tarakimu safu kwa safu, kuchora ramani na michoro, na kumwonyesha msomaji jambo ambalo maneno matupu yasingemwonyesha. Ni elimu njema, na anayeidharau ajikosesha mwenyewe.

Lakini katika elimu hiyo kuna sehemu moja ambayo kompyuta haimfundishi mtu, na bila ya hiyo nyingine zote huwa ni mapambo. Nayo ni kuihoji tarakimu kabla ya kuiamini. Tarakimu ni habari kama habari nyingine. Ina mtu aliyeileta, ina sababu iliyomfanya ailete, na yaweza kuwa kweli au uongo. Tofauti yake ni kwamba huja imevaa kanzu safi, na watu huona haya kuiuliza itokako.

Mtu aliyelisimamisha jambo hili juu ya msingi madhubuti alifariki zaidi ya miaka 600 iliyopita. Alikuwa kadhi, alikuwa mwalimu, na asili yake ni Hadharamuti. Tutasimulia maisha yake, kisha tutakwenda bara, Kitengela na Kajiado, tukaone maswali yake yanavyofanya kazi katika nchi yetu wenyewe.

NASABA NA HESABU

Jina lake ni Abdulrahman bin Muhammad bin Khaldun Al-Hadhrami. Alizaliwa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 Hijria, yaani tarehe 27 Mei 1332. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Ibn Battuta alikuwa amepita Mombasa na kufika Kilwa. Wawili hawa tutawakuta pamoja huko mbele.

Jamaa zake walijinasibisha na Wail bin Hujr, sahaba aliyetoka Hadharamuti. Wazee wao waliingia Andalusi katika siku za mwanzo za Uislamu huko, wakakaa Carmona na kisha Seville, wakawa watu wa vyeo na elimu. Walipoona hali ya mji inaharibika walihama kabla Seville haijatekwa na Wakristo mwaka 1248, na mwisho wa safari yao ukawa Tunis.

Sisi watu wa pwani twaijua thamani ya nasaba. Ziko nyumba Lamu na Mombasa ambazo mtoto huhifadhishwa majina ya babu zake kabla hajajua kuandika la kwake. Basi mtazame mtu huyu alivyofanya. Alipokaa kuandika habari za maisha yake, alijikuta na majina 10 tu kati yake na yule Khaldun wa kwanza aliyeingia Andalusi. Akapiga hesabu. Tangu siku hizo hadi zama zake ni kiasi cha miaka 700, na kwa desturi ya wanadamu kila miaka 100 huchukua vizazi vitatu. Kwa hiyo wangepaswa kuwa 20 hivi, si 10. Akaliandika hilo kwa mkono wake, kwamba huenda majina mengine kama hayo yameanguka njiani. Hakuikana nasaba yake. Alichokataa ni kulifunika pengo. Mtu anayeweza kuipigia hesabu nasaba yake mwenyewe mbele ya watu hatashindwa kuipigia hesabu bajeti ya serikali.

TAUNI, VYEO NA VIFUNGO

Alihifadhi Kurani, akasoma fiqhi, hadithi, lugha na mashairi kwa baba yake na kwa wanavyuoni wa Tunis. Mwaka 1347 sultani wa Fez aliiteka Tunis, na katika msafara wake alikuja na wanavyuoni wakubwa. Mmoja wao, Al-Abili, alimfundisha kijana huyu hesabu na mantiki. Msomaji aliweke jina hilo akilini, kwani yote yatakayofuata yana mzizi hapo: mwanafunzi wa dini na lugha aliyesomeshwa hesabu pia, kwa mwalimu mmoja na katika umri wa kupokea.

Kisha ikaja tauni kubwa. Iliingia Tunis mwaka 1348, na katika kipindi kifupi iliwachukua baba yake, mama yake na wengi katika walimu wake. Alikuwa na umri wa miaka 17. Hakuisahau maisha yake yote. Miaka mingi baadaye alipoeleza kwa nini ulimwengu unahitaji historia mpya, aliitaja tauni hiyo, kwamba ilipunguza watu, ikabomoa miji na majumba, ikafuta njia na alama, hata ikawa kama kwamba viumbe vimebadilika vyote.

Alianza kazi kama karani wa kuandika alama ya sultani juu ya barua za serikali. Akaenda Fez, akaingia katika baraza la Sultani Abu Inan, na mwaka 1357 akatiwa gerezani kwa kushukiwa fitina. Alikaa kifungoni karibu miaka miwili mpaka sultani alipokufa. Mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada. Mwaka 1364 alitumwa Seville kwa mfalme Mkristo Pedro, akayaona kwa macho yake mabaki ya ukoo wake. Pedro alimwahidi kumrudishia mali ya wazee wake kama angekubali kubaki, naye akakataa.

Kutoka hapo alirudi Afrika, akawa hajibu wa mtawala wa Bejaia, akatumwa milimani kukusanya kodi kwa makabila yaliyokuwa hayataki kulipa. Alitumikia mtawala huyu na yule, akaona dola zinavyoinuka na zinavyoanguka. Siasa yake haikuwa safi siku zote, kwani alihama upande zaidi ya mara moja. Lakini katika kuhama huko alijifunza jambo ambalo mwandishi wa mezani halijui: alijua kodi hukusanywaje, jeshi hulishwaje, na tarakimu ya mfalme hutiwa chumvi na nani.

MTOTO ALIYEKULIA GEREZANI

Alipokuwa Fez, Ibn Battuta alikuwa amerudi kutoka safari zake na watu walikuwa wakimsikiliza. Alisimulia habari za mfalme wa India: kwamba anapotaka kusafiri huwahesabu watu wote wa mji wake, wanaume, wanawake na watoto, akawapa posho ya miezi sita kutoka mali yake, na anaporudi, manjaniki huwekwa juu ya migongo ya ndovu yakawarushia watu mifuko ya fedha na dhahabu. Watu wa baraza walinong'onezana kwamba mzee huyu ni mwongo.

Kijana Ibn Khaldun naye alishuku. Akamwendea waziri wa sultani, Faris bin Wudrar, akamweleza shaka yake. Waziri akamwonya asikanushe habari za nchi kwa sababu tu yeye hakuziona, na akampa kisa cha waziri mmoja aliyefungwa miaka mingi pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto alikulia gerezani. Alipopata akili aliuliza nyama anayokula ni ya mnyama gani. Baba akamweleza kondoo alivyo, kwa sifa zake zote. Mtoto akauliza kama ni mfano wa panya, na kila alipoelezwa ng'ombe au ngamia aliuliza vivyo hivyo, kwani katika kifungo chake hakupata kumwona mnyama mwingine ila panya.

Kisa hiki alikitia ndani ya kitabu chake, na ni vizuri alifanya hivyo. Maana kuihoji habari si kukanusha kila kitu. Mwandishi anayekataa tarakimu kwa kuwa haifanani na mtaa wake ni ndugu ya yule anayeikubali kwa kuwa imetoka afisi kubwa. Wote wawili wamekulia gerezani. Njia ya kati ni kuuliza: je, jambo hili kwa maumbile yake lawezekana? Likiwezekana, ndipo tutafute ushahidi.

WATU LAKI SITA JANGWANI

Mwaka 1375 alichoka na mabaraza ya wafalme. Akakimbilia Qal'at Ibn Salama, ngome iliyo katika nchi ambayo leo ni Algeria, akakaa na wenyeji wake karibu miaka minne, mbali na miji na maktaba. Humo alianza historia yake kubwa, na mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, alimaliza mswada wa kwanza wa utangulizi wake, Muqaddima, kitabu ambacho ulimwengu mzima umekuja kukijua.

Katika kurasa zake za mwanzo anaichukua tarakimu moja na kuisimamisha kizimbani. Wanahistoria, akiwamo Al-Masudi, walipokea kwamba Nabii Musa alipoyahesabu majeshi ya Wana wa Israili jangwani aliwakuta watu laki sita au zaidi, wote wenye umri wa miaka 20 na kuendelea, wanaoweza kubeba silaha. Habari hiyo ilinakiliwa kitabu hadi kitabu. Ibn Khaldun aliiuliza maswali.

Kwanza, je, Misri na Shamu zaweza kulilisha na kulichukua jeshi kiasi hicho? Kila dola ina askari wanaolingana na ardhi yake. Pili, jeshi la namna hiyo litapigana vipi, ambapo safu zake zingekwenda mbali hata upande mmoja usijue lililoufika upande wa pili? Tatu, ufalme wa Waajemi ulikuwa mkubwa zaidi ya huo mara nyingi, na kubwa walilopata kulikusanya Qadisiyya halikufika nusu ya idadi hiyo. Nne, kati ya Nabii Yaakub na Nabii Musa ni vizazi vinne tu kwa kauli ya wanavyuoni, na miaka kiasi cha 220. Watu 70 walioingia Misri watazaaje wote hao kwa muda huo?

Hapa msomaji azingatie. Hakuwa na hati nyingine ya kuipinga ile ya kwanza. Alitumia ukubwa wa ardhi, mwendo wa jeshi, mfano wa dola nyingine, na kasi ya watu kuzaana. Hayo ndiyo hasa yanayofundishwa leo katika madarasa ya takwimu: gawa idadi kwa eneo, ilinganishe na mfano wake, na uitazame kasi ya kukua kwake.

Kisha akaorodhesha milango ambayo uongo hupitia kuingia katika habari. Upo upendeleo wa dhehebu au wa chama. Upo kuwaamini wapokezi bila ya kuwapima. Upo kutojua makusudio ya jambo. Upo kujipendekeza kwa wakubwa. Na mkubwa kuliko yote ni kutojua tabia ya maisha ya watu na miji yao. Akaongeza kwamba watu hupenda sana kuzidisha hesabu, hasa za mali na za askari, kwani ulimi huteleza kwa wepesi kwenye maajabu na hakuna wa kuwadai hesabu.

Mwenye kusoma chuoni atauliza: mbona tumefundishwa kutazama isnadi? Jibu lake ni la kadhi. Kumpima mpokezi ndiyo njia ya hukumu za sharia, kwa kuwa hizo ni amri, na amri yatosha kuthibitika kwamba ilitolewa na mwenye haki ya kuamuru. Lakini habari ya tukio ni jambo jingine. Hiyo kwanza itazamwe kama yawezekana. Isipowezekana, uaminifu wa aliyeileta haufai kitu.

KADHI NA MWALIMU WA MISRI

Mwaka 1382 aliondoka Tunis kwa kisingizio cha kwenda Hija, akafika Alexandria na kisha Cairo. Mji ulimshangaza kwa ukubwa wake. Alidarisisha Al-Azhar na katika madrasa nyingine, na mwaka 1384 Sultani Barquq alimfanya Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Maliki.

Katika ukadhi alifanya kwa mashahidi yale aliyoyafanya kwa tarakimu. Aliwakuta mashahidi wa kununuliwa na waandishi wa hati waliozoea kuvuruga wakfu na mikataba ya watu. Akawahoji, akawaadhibu, wala hakusikiliza barua za wakubwa waliowaombea. Haukupita muda akawa na maadui mji mzima. Katika siku hizo hizo jahazi lililomchukulia mkewe na watoto wake kutoka Tunis lilizama karibu na Alexandria. Aliwangoja kwa matumaini, akapokea msiba. Mwaka 1385 aliondolewa kazini. Mwaka 1387 alikwenda kuhiji. Baadaye alirudishwa katika kiti kile na kuondolewa tena na tena, hata jumla ya kuteuliwa kwake ikawa mara sita.

Juu ya kusomesha aliandika mambo ambayo kila mkuu wa chuo angepaswa kuyasoma. Elimu, alisema, ni kama ufundi wa mkono: haikai mpaka iwe mazoea ndani ya nafsi, na mazoea huja kwa kufanya na kurudia mbele ya mwalimu anayejua. Mwanafunzi apandishwe ngazi kwa ngazi, mara tatu katika somo lile lile, kila mara kwa undani zaidi. Asipigwe wala asikandamizwe, kwani ukali humfundisha hila na uongo. Na afunguliwe ulimi wake kwa mjadala. Alitoa mfano wa nchi yake: katika madrasa za Fez mwanafunzi alikaa miaka 16, na Tunis miaka mitano. Wale wa miaka 16 hawakuwazidi wengine kwa elimu. Walikawia kwa sababu walikaa kimya wakihifadhi, wasijadiliane. Hata hapa, msomaji aona, alianza na tarakimu, kisha akauliza sababu yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1401 alikuwa Damascus wakati Timur alipouzingira mji. Mzee wa miaka 68 aliteremshwa kwa kamba juu ya ukuta, akaenda kukaa mbele ya mtu aliyetisha ulimwengu. Timur alimwuliza habari za nchi za Maghribi, mji kwa mji, kisha akamtaka aziandike. Akaziandika. Mji wa Damascus ulichomwa na kuporwa, naye alipata idhini ya kurudi Misri. Alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, yaani 17 Machi 1406, akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr.

ALIPOTELEZA

Si haki kumsifu mtu wa kuhoji bila ya kumhoji yeye. Alikataa ile ngano ya wenye kusema kwamba weusi wa ngozi ni laana iliyomshukia Hamu mwana wa Nuhu, akasema rangi ni athari ya jua na hewa ya nchi. Hapo alipatia kuliko wengi wa zama zake. Lakini papo hapo aliandika juu ya watu weusi wa kusini maneno ya dharau, kwamba joto la nchi zao limewashusha karibu na wanyama. Habari hizo alizipokea kutoka vitabu vya kale na wasafiri, akazipitisha bila ya maswali. Hakufika kwetu. Ibn Battuta alifika, na Kilwa aliyoiona ilikuwa mji mzuri uliojengwa vyema, wenye misikiti, wanavyuoni na sultani mkarimu.

Basi yule aliyeipima jeshi la laki sita hakuipima habari iliyotuhusu sisi. Funzo lake ni zito kwa kila atakayeishika kalamu: tarakimu na sifa za watu walio mbali, wasio na mtu barazani wa kuwatetea, ndizo zinazopita bila ya kuulizwa.

TWENDE KITENGELA

Sasa tuitoe Muqaddima rafuni tuipeleke kusini mwa Nairobi. Kajiado ni nchi ya Wamaasai, na jina lake latokana na maneno yao yenye maana ya mto mrefu. Kitengela ni mji ulioota kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo zamani palikuwa na malisho. Kama kuna mahali Kenya ambapo Ibn Khaldun angejiona yuko nyumbani ni hapo, kwani nusu ya kitabu chake ni habari za wafugaji wa nyikani na watu wa mjini, na namna wa kwanza wanavyobadilishwa na wa pili.

Tuanze na somo la kwanza kwa mwanafunzi. Sensa ya mwaka 2009 iliihesabu Kajiado watu 687,312, na ile ya 2019 ikaihesabu watu 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulitoka kiasi cha watu 58,000 hadi kiasi cha 154,000. Mwanafunzi mvivu atachora mchoro wenye mstari unaopanda na kuandika kwamba mji unakua. Mwanafunzi wa Ibn Khaldun atauliza: je, watu waweza kuzaana hata wakawa zaidi ya mara mbili na nusu kwa miaka 10? Haiwezekani. Basi ama mipaka iliyohesabiwa si ile ile, ama watu wamehamia. Swali la kwanza atalipeleka kwa idara ya takwimu. La pili atalifuata kwa miguu, kwenye vituo vya matatu na afisi za mawakala wa ploti, aulize wametoka wapi na kwa nini. Habari iko huko.

Somo la pili ni la ardhi. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai yalianza kugawanywa kwa watu binafsi, Kitengela ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vikaja Athi River, ploti zikauzwa, nyaya na kuta zikasimama. Wanyama waliozoea kutoka mbuga ya Nairobi kwenda kusini wakati wa mvua walikuta njia imezibwa. Nyumbu wa porini waliohesabiwa kwa ndege katika nyanda hizo mwaka 1978 walizidi 26,000. Mwaka 2011 hawakufika 3,000. Tarakimu hizo zikihojiwa zasimama, kwani sababu yake yaonekana kwa macho.

Na hapo hapo Kitengela pamekuwa na darasa la kweli la takwimu kabla watu hawajalipa jina. Katika mwaka 2004 na miaka iliyokaribia hapo, wenyeji walifundishwa, pamoja na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, kutumia vyombo vinavyopokea ishara za satelaiti. Wakatembea nyanda zile wakiandika ua mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapatikana ramani. Mradi wenyewe ulipewa jina la Kimaasai, Reto-o-Reto, maana yake nikusaidie unisaidie. Ramani hizo zilisaidia katika kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo. Wafugaji waliokuwa wakihesabiwa na wengine siku zote waliishika kalamu ya kuhesabu wenyewe. Hayo ndiyo mazoea ya mkono aliyoyasema kadhi wetu.

Somo la tatu latisha zaidi. Mwaka 2010 waziri wa mipango alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009 aliyafuta ya wilaya nane za kaskazini, katika sehemu za Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, kwa hoja kwamba watu waliongezeka kupita kiasi cha uzazi na vifo. Ni hoja ile ile ya watu 70 na laki sita. Lakini wenyeji walilalamika kwamba wao wamehesabiwa pungufu miaka yote, na kwamba mfugaji anayehama hahesabiki kama mwenye duka. Shauri likafika mahakamani. Hapa mwanafunzi na akumbuke mtoto wa gerezani kabla hajahukumu: huenda tarakimu mpya ni ya uongo, na huenda ile ya zamani ndiyo iliyokuwa pungufu. Nyuma ya safu ile ya hesabu kuna viti vya bunge, fedha za kaunti, visima na zahanati.

Vyombo vya kazi hii vipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2011 serikali ilifungua hazina yake ya takwimu katika intaneti, watu wote wazione. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kupata habari. Milango imefunguliwa, na panapohitajika watu ni ndani, wa kusoma yaliyoandikwa na kuuliza yaliyoachwa.

Kwa sababu hiyo chuo cha ufundi kina haki katika somo hili sawa na chuo kikuu. Kijana anayesomea upimaji wa ardhi mjini Kajiado, au anayesomea ukarani wa hesabu, au ufundi wa kompyuta, atakutana na tarakimu mapema kuliko mwandishi wa gazeti. Yeye ndiye atakayeziandika. Akifundishwa kuziuliza, uongo utakamatwa mlangoni. Na kijana wetu wa Kwale, Kilifi, Lamu au Tana River, ambako migogoro ya ardhi ina umri kuliko wazee, ana haja ya somo hilo si chini ya wa Kajiado.

Mwalimu anayetaka kuanza kesho hahitaji kungoja kompyuta mpya. Achukue gazeti la leo, aikate tarakimu moja, aibandike ubaoni, na awaachie wanafunzi wajadiliane. Nani ameihesabu? Alitaka nini? Ardhi yaweza kuwachukua? Jana walikuwa wangapi? Na ni nani asiyehesabiwa? Swali hili la mwisho Ibn Khaldun mwenyewe alilisahau kwa upande wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na sisi tumlipie deni lake kwa kuliuliza.